Funueni miguu yote miwili

Wiki iliyopita kwenye raundi nilimwona mwanagenzi akibonyeza mguu wa mgonjwa juu ya leso, akaandika "matende" kwenye faili, akaenda kitanda cha pili. Wanangu, matende yako pwani hii, ni kweli, lakini hayaujazi mguu kwa siku tatu. Mguu ukijaa upesi hivyo, shukuni mgando wa damu ndani ya mshipa. Nyote mliokuja Amu mwaka huu nisikilizeni, maana kosa hilo nalijua kwa ndani.

1. Futi. Ya fundi cherehani yatosha, ikae mfukoni. Pima shavu la mguu sentimita 10 chini ya kile kifupa kinachochomoza chini ya goti, mguu huu na huu. Tofauti ikipita sentimita 3, ni alama moja ya Wells, ile orodha ya kupima shaka ya mgando. Mambo ya kukunja wayo na kuuliza "yauma?" yaacheni, hayathibitishi wala hayaondoi.

2. Mzazi, yaani aliyejifungua karibuni. Hapa nitakaa.

Miaka mingi nyuma aliletwa mzazi wa siku 11 kutoka Faza, pamoja na mamake. Mguu wa kushoto umevimba mpaka pajani, una joto na wekundu. Amevaa vikuku vya fedha: cha kulia kinacheza, cha kushoto kimezama kwenye nyama hata ukingo hauonekani. Mamake akaniambia, "Daktari, hiki juzi kilikuwa chatoka." Nilimsikia. Nikaandika uambukizo wa ngozi, nikatoa vidonge, na alipouliza kama mwanawe aendelee kukandwa nikasema naam, mkandeni, maji ya moto yatapunguza uvimbe.

Maneno yale yaniuma hadi leo. Mzazi yuko ndani ya arobaini, amelala muda mwingi. Damu yake bado ni nyepesi kuganda, ndivyo mwili unavyojikinga asivuje sana akizaa. Tumboni, ateri ya kulia huubana mshipa wa nyonga ya kushoto, ndiyo maana mguu huo huongoza. Yote nilikuwa nimeyasoma, nami nikamruhusu mkandaji aukamue mgando kwa mikono.

Siku ya tatu wakamrudisha usiku. Boti ilikuwa imengoja maji yajae ndipo ipite mlango-bahari wa Mkanda. Anahema kama aliyekimbia, ameshika ubavu. Mgando umekwenda mapafuni. Tulimwanzia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiku ule, na kwa rehema za Mungu akaishi. Lakini valvu za mshipa ziliharibika, na mguu ule huvimba kila ikifika alasiri. Nilikwenda kwao nikamwambia mamake kwamba alichoniambia kilikuwa sahihi na mimi sikukitia maanani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa. Sikuweza kuinywa.

3. D-dima, kipimo cha damu cha mabaki ya mgando, ni ya mwenye alama chache za Wells: ikiwa chini, umeuondoa mgando. Kwa mjamzito na mzazi hupanda yenyewe, isikupotoshe. Kwenye altrasaundi bonyeza kinenani na nyuma ya goti. Mshipa mzima hujifunga, wenye mgando hukataa.

4. Dawa. Shaka ikiwa kubwa na altrasaundi ni ya kesho, na mgonjwa havuji damu, anza leo. Enoksaparini, sindano ya jamii ya heparini, ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila saa 12, na kilo zipimwe kwa mizani, jamani, si kwa macho! Wafarini, ya vidonge, haianzi peke yake: iende pamoja na enoksaparini siku 5 au zaidi, mpaka INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, ifike 2 na ikae hapo saa 24. Anayenyonyesha aweza kutumia wafarini, mjamzito hapana. Rivaroksabani, nayo ya vidonge, ni miligramu 15 mara mbili kila siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kila siku, na lazima iende na chakula. Mvuvi mmoja wa Kizingitini aliviacha vidonge hivyo Ramadhani ilipoingia kwa kuwa hakuna aliyempangia futari na daku. Alirudi kwangu Shawwal, mguu umejaa upya. Matibabu hayapungui miezi 3.

Asiye na futi aje, ninazo tatu kwenye droo ya wodi ya wanawake.