Mtoto wa nepi na maji kwenye meli ya kitalii

Mama, nepi ya kuogelea haitamfungulia mwanao bwawa kubwa. Meli zinazotoka bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, shirika la afya la serikali ya Marekani, na mtoto ambaye bado hajaacha nepi haingii kwenye bwawa la kawaida wala jakuzi. Nepi hiyo huzuia kinyesi kigumu tu. Mkojo na cha majimaji hupita. Kijidudu cha kuharisha kiitwacho Cryptosporidium hustahimili klorini kwa siku kadhaa, ndiyo maana mhudumu habembelezeki.

Tafuta meli yenye eneo la watoto wachanga lenye mfumo wake wa kusafisha maji. Meli za Disney Dream na Disney Fantasy zina eneo kama hilo, Nemo's Reef. Icon of the Seas ya Royal Caribbean ina Baby Bay. Usiangalie jina la kampuni peke yake, uliza meli yako yenyewe, kwa sababu meli dada zinaweza kutofautiana.

Nepi ya kuogelea mvalishe mkiwa mmeshafika majini. Hainyonyi mkojo, kwa hiyo mkitoka nayo chumbani ataloa njiani. Iwe imebana mapajani, ikague kila nusu saa hadi saa, na ibadilishie chooni, si pembeni mwa maji. Beba tatu kwa siku, maana duka la melini ni ghali.

Kama meli haina eneo hilo, beseni laini la kupuliza hutosha kwenye sakafu ya bafu la chumba, maji ya sentimita tano tu, nawe usiondoke hata dakika. Siku ya kushuka CocoCay au Castaway Cay, visiwa vya kampuni hizo huko Bahamas, bahari ni ya wote.