Anwani mbili kwa mnunuzi mmoja

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Ipuli hapa Tabora. Tunakusanya nta kwa warina asali wa Sikonge na tunatafuta wanunuzi Ujerumani. Nimejaribu huduma mbili za mtandaoni zinazotafuta barua pepe za maofisa manunuzi. Kwa mtu yule yule, moja imeniletea herufi ya kwanza ya jina, nukta, kisha jina la ukoo. Nyingine imeunganisha majina yote mawili bila nukta. Zote zinadai uhakika wa zaidi ya asilimia 90. Nilipie ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipie yoyote kwanza.

Hiyo asilimia ni huduma kujipa maksi yenyewe. Mara nyingi zinaokota anwani zilizoanikwa kwenye tovuti, zinaangalia kampuni inapangaje majina, kisha zinabuni ya mtu wako kwa mtindo huohuo. Baada ya hapo programu inakwenda kwenye seva ya barua ya kampuni, yaani kompyuta inayopokea barua pepe zake, na kubisha hodi: fulani yupo? Ikijibiwa 250, yupo. Ikijibiwa 550, hayupo. Inaondoka bila kuacha barua.

Sasa, zipo seva zilizopangwa kumkaribisha kila anayebisha. Ulizia hata jina la mbuzi wako, utajibiwa 250. Nashuku mnunuzi wako yuko nyuma ya seva ya namna hiyo, ndiyo maana anwani zote mbili zimefaulu. Huduma yenye adabu hukuambia wazi kwamba hapo haina hakika. Tafuta onyo hilo kabla ya kutazama asilimia.

Mimi nililipia somo hili. Nilikuwa nauza asali ya kiwanda kimoja hapa mjini, nikanunua orodha kwa huduma ambayo sitaitaja, nikatuma barua mia tatu kwa siku moja. Jioni sanduku langu limejaa barua zilizorudi, sikumaliza kuzihesabu. Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyofuata mteja wangu wa siku zote wa Mwanza akanipigia: "Mama, ankara mbona huleti?" Nilikwishaituma. Ilikuwa imelala kwenye taka zake, kwa sababu barua nyingi zikirudi, huduma zinazopokea barua pepe zako zinaanza kukuona tapeli.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Chukua watu 30 ambao barua pepe zao unazo kwa hakika, waliokwisha kukujibu. Ingiza jina na kampuni tu, kisha hesabu vitu viwili: imeleta ngapi, na katika ilizoleta ngapi ni zenyewe. Watu wanachanganya hivi viwili. Inayoleta 12 ukakuta 11 ni sahihi, mimi naichukua kabla ya ile inayojaza 28 huku tisa ni za hewani. Na wawe watu wa Ulaya. Ukipima kwa wafanyabiashara wa hapa, ambao wengi tunatumia Gmail, huduma zote zitaonekana mbovu, maana hakuna mtindo wa kampuni wa kubuni. Hunter, mojawapo ya huduma hizi, hukuonyesha ukurasa ilikookota anwani. Ufungue uone kama bado upo, maana mtu huhama kazi na jina lake likabaki mtandaoni miaka.

Ila kwa Ujerumani umeanza mbali bure. Shuka chini kabisa ya tovuti ya kampuni, bonyeza neno Impressum. Sheria yao inailazimisha kampuni kuweka hapo jina, mahali ilipo na barua pepe. Hiyo haijabuniwa na mtu.

Na kabla hujaituma: sheria yao ya ushindani usio wa haki inataka mtu akubali kwanza ndipo umpelekee tangazo kwa barua pepe, hata akiwa kampuni. Kuipata anwani si kupewa ruhusa. Barua ya karatasi haina sharti hilo. Andika ukurasa mmoja: kilo ulizonazo, bei hadi bandari ya Dar es Salaam, majibu ya maabara, na mwishoni uombe ruhusa ya kuwasiliana kwa barua pepe. Ipeleke Posta. Atakayejibu atakuandikia anwani yake mwenyewe, na nukta utaikuta mahali pake.