Maswali ya wasomaji: Mahindi hayakauki na dumuzi ananisubiri

SWALI: Shikamoo mama. Mimi niko Mufindi, nina mume na watoto watatu, tunalima heka mbili za mahindi na maharage kidogo. Mwaka jana tulivuna mwezi wa sita tukapukuchua tukaweka kwenye viroba, kufika mwezi wa kumi na moja tunafungua tunakuta matobo na unga tu, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, kamaliza. Mwaka huu jirani mmoja ananiambia ninunue ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, mwingine anasema dawa ndo kila kitu. Na huku saivi ni ukungu na manyunyu, jua linatoka saa sita saa tisa limeshaondoka. Nifanyeje? Alafu na mboga, saivi zinaozea bustanini kiangazi tunanunua.

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Poleni sana, chakula cha watoto kugeuka vumbi inauma mno. Majirani zako wote wana hoja lakini wameanzia mbali, mfuko wala dawa havitakusaidia kama mahindi yameingia na unyevu, na huko kwenu mwezi wa sita na wa saba ndo watu wanapoharibikiwa, wanaona bua limekauka shambani wanadhani na punje imekauka.

Punje inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13. Mashine ya kupimia wengi hatuna ila chumvi ipo kila jiko. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi kama theluthi, tia kijiko kikubwa cha chumvi uliyoikausha vizuri, funga, tikisa dakika mbili tatu alafu iache kama robo saa. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, yarudishe nje. Ikidondoka yote chini ujue umeshuka chini ya asilimia 15, na hapo ndo naomba unisikilize, usifunge bado, yaanike tena siku nyingine mbili tatu za jua la maana. Wengi wanafunga hapohapo, baada ya muda gunia linatoa joto na uvundo.

Kwa hali ya ukungu usianike chini kwenye udongo hata siku moja. Mahindi yakae kwanza na magunzi yake kwenye kichanja kilichoinuka, juu kuna paa, pembeni wazi upepo upite, upepo unakausha hata kama jua hamna. Yakishakauka ndo pukuchua, tenga yote yaliyooza au yaliyoota kuvu, alafu malizia kwenye turubai, yatandaze membamba na uyageuze kila mara. Saa tisa hiyo jua likiondoka kusanya uingize ndani maana yakilala nje yanakunywa umande wote.

Nakazania hili kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo hata upike ugali masaa mangapi haiondoki. Yale mabovu uliyotenga usiwape hata kuku.

Sasa mfuko au dawa. Mimi kwa chakula cha nyumbani nachagua mfuko bila kusita. Ndani ina nailoni mbili na nje kiroba, kila nailoni unaisokota mdomo, unaikunja na kuifunga peke yake kwa kamba, hewa inakwisha ndani na mdudu anakufa, kwahiyo dawa huchanganyi. Kabla ya kuweka mahindi ipulizie hewa uone kama haina tobo, ukishafunga usifungue fungue kuchungulia, acha hata miezi miwili, na panya wakae mbali kabisa. Iweke juu ya mbao, isiguse ukuta. Ukiamua dawa basi ile ya unga ya kuhifadhia nafaka, nunua duka linaloeleweka, kipimo ni kile cha kwenye pakti na zile siku za kusubiri kabla ya kula uziheshimu. Dumuzi huyu si wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kati, hapa nchini aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anapenda sana mahindi yakiwa kwenye magunzi, kwahiyo yakishakauka usiyaache hivyo miezi. Viroba vya mwaka jana usivirudie, na stoo fagia mpaka kwenye nyufa.

Maharage nayo yaingie mfuko kama huo, fukusi wake anaanza kutaga tangu shambani.

Mboga ni rahisi. Chuma majani ya kunde, maboga au chainizi, osha, yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo dakika mbili, chuja, tandaza kwenye neti safi juu ya kichanja na ufunike kitambaa cheusi, maana jua kali likipiga moja kwa moja linaua vitamini A. Yamekauka pale ukiminya yanavunjika kwa mlio, yakiwa bado yanajikunja hayajawa. Weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mahali penye giza. Nyanya usijaribu saivi, zina maji mengi, kwa ukungu huo zitaoza juu ya neti. Subiri mwezi wa tisa jua likichanganya.