Ukiruka Nyimbo, Usiseme Umetazama Picha ya Kihindi

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, kila nikiweka picha ya Kihindi mume wangu anahama sebuleni. Anasema ni makelele na kukimbizana kwenye maua tu. Nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira kidogo, maana maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na si kwa waume za watu pekee.

Ngoja nianze na kwetu. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo redio yake ilikuwa shangazi yangu. Ujana wake ulipita kwenye majumba ya sinema, enzi zile watu wa mwambao wanapanga foleni kwa ajili ya Raj Kapoor na Nargis. Kihindi hakujua hata cha kuombea maji, lakini akianza kusukuma chapati anaimba nyimbo za Lata Mangeshkar mwanzo mwisho, na ukimuuliza maana anakueleza bila kusita: "Hapa analia, barua haijafika." Nilipokuja kuzielewa zile nyimbo nikiwa mtu mzima, nilikuta mara nyingi alikuwa sahihi.

Jirani aliponunua deki na mkanda wa Sholay, tulijazana kwake hadi mlangoni. Shangazi akaweka sharti: hakuna kupeleka mkanda mbele. Mtoto aliyegusa kitufe wimbo ukiendelea alitolewa nje na hakurudishwa. Tuliona ni ukatili. Lakini angalieni ile picha inavyofanya kazi (wasioiona wanisamehe, wamepewa muda wa kutosha tangu 1975). Kila Jai na Veeru, wale marafiki wawili, wanapotaka kuamua jambo, Jai, yaani Amitabh Bachchan, anarusha sarafu. Unaiona, unaizoea, unaisahau. Jai anapokufa ndipo Veeru anaigeuza na kukuta pande zote mbili zinafanana. Kumbe rafiki yake alikuwa anaamua mwenyewe siku zote, hata uamuzi wa kubaki peke yake afe. Sasa wewe uliyeruka ule wimbo wao wa urafiki, wawili wamepanda pikipiki moja wanacheka kama watoto, utamlilia nani? Maana wimbo huohuo unarudi kwa huzuni wakati wa kifo. Usiruke nyimbo.

Baadaye zikaja za kutafsiriwa, mtu anazungumza Kiswahili juu ya picha. Najua nitagombana na watu hapa. Watafsiri wetu wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani, wamefanya kazi kubwa, wamewafikishia sinema watu wengi ambao wasingepata wa kuwaelezea, na wengine ni wachekeshaji hasa. Lakini nilitazama Deewaar kwa sauti ya mmoja wao, simtaji. Ndugu wawili wanakutana chini ya daraja, mmoja mhalifu tajiri, mwingine polisi. Tajiri anajigamba: nina jumba, nina gari, nina fedha benki, wewe una nini? Mdogo wake, Shashi Kapoor, ananyamaza kwanza, kisha anajibu kwa maneno manne tu kwamba yeye anaye mama. Kibanda kizima kilipaswa kukosa pumzi. Bwana mtafsiri akajaza kile kimya kwa utani juu ya bei za magari! Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje. Ushauri wangu ni huu: tazama kwa lugha yake, na maandishi ya chini, hata kama unasoma polepole. Ya kutafsiriwa iwe mara ya pili.

Kuhusu tukio hilohilo la darajani niliwahi kuandika makala nzima nikaipeleka kwa mhariri fulani. Akaipitia huku amesimama, akaniambia nilete kitu cha maana, hayo ni mambo ya akina mama wa uswahilini. Miaka imepita, bado linaniuma, na wala sijitahidi kulisahau. Salim Khan na Javed Akhtar waliandika Sholay na Deewaar, zote zikatoka mwaka huohuo mmoja. Nitajieni waandishi wengine waliofanya hivyo, tuzungumze habari ya vitu vya maana.

Nisamehe dada, narudi kwa mumeo.

Mwekee Lagaan, ya 2001, ya Aamir Khan. Mpenda mpira yeyote ataielewa: wanakijiji wa mwaka 1893 wanacheza kriketi dhidi ya maofisa wa Kiingereza. Wakishinda wanasamehewa kodi miaka mitatu, wakishindwa wanalipa mara tatu. Ina karibu saa nne, usimwambie. Mapema kuna wimbo wa mawingu, kijiji kizima kinacheza kwa kuwa mvua inakuja, halafu mawingu yanapita bila tone. Akiuruka huo hataelewa kwa nini watu wazima wanaweka maisha yao rehani kwa mchezo wasioujua. Ikimkolea, mpe Dangal, ya yule baba wa mieleka na mabinti zake. Kuch Kuch Hota Hai, ile ya mapenzi, isubiri kwanza, hajaiva.

Akikuletea RRR na kusema "hii nayo ya Kihindi ni nzuri", mwambie kwa upole kwamba ile ni ya Kitelugu. India ina lugha nyingi na kila moja kubwa ina sinema zake. Ule wimbo wake uliochukua Oscar 2023 haukutoka Mumbai, zinakotengenezwa hizi za Kihindi. Najua ni uchokozi. Mimi hunistarehesha.

Na akiendelea kudharau nyimbo, muulize kama harusini kwenu hakupigwa taarabu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za sinema za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na watu wazima wenye ndevu walimtunza fedha. Tuni hizo zilishaingia majumbani mwetu kabla mumeo hajazaliwa. Ninyi vijana nanyi msicheke: mnakesha na tamthilia za Kikorea vipindi kumi na sita bila kulalamika, saa tatu za Mumbai ndizo zinawashinda? Uvivu wa kutazama ni uvivu. Mtu asiyeweza kukaa akasikiliza wimbo wa dakika tano atakaaje amsikilize mwenzake? Jifunzeni kukaa. Acheni simu. Msiruke nyimbo.

Kwa hiyo dada, Jumamosi jioni, chakula kiwe kimeshaliwa, simu zote chumbani, rimoti ishike wewe. Likitokea neno la mapumziko katikati, usilisome kwa sauti. Na akiuliza zimebaki dakika ngapi, mdanganye.