Thamani ya p: maswali ya wanaoandika tasnifu

SPSS (programu ya takwimu) imenipa .000 kwenye safu ya Sig., yaani thamani ya p. Niandike p = 0?

Usiandike hivyo. p ni uwezekano wa kupata matokeo yaliyopinda kiasi hicho au zaidi, endapo kwa kweli hakuna tofauti yoyote. Programu imeonyesha tarakimu tatu tu. Thamani yenyewe iko chini ya 0.0005. Andika p < 0.001.

Nimepata p ya 0.03. Je, nadharia tete yangu ina uwezekano wa asilimia 97 kuwa kweli?

Hapana, ingawa utalikuta kosa hili hata kwenye tasnifu zilizokwisha kupita. Rusha sarafu mara 10, ikuangukie kichwa mara 9. Kama sarafu haina hila, matokeo yaliyopinda kiasi hicho au zaidi, kwa upande wowote (vichwa 9, 10, 1 au 0), hutokea kwa njia 22 kati ya 1,024. Hapo p ni 0.021. Hesabu nzima imeanza kwa kukubali kwamba sarafu ni nzima. Haiwezi kugeuka tena ikakupa uwezekano wa sarafu kuwa mbovu.

Mara ya kwanza 0.04, nimerudia kwa sampuli ya ukubwa uleule, 0.30. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. p huyumba, tena sana. Pasipokuwa na tofauti yoyote, jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) linaweza kutoa thamani yoyote kati ya 0 na 1 kwa nafasi sawa. Tofauti ikiwepo, thamani hurundikana karibu na sifuri, ila si zote. Hata kama tofauti ya kweli ni ileile uliyoiona ulipopata 0.05 (mpaka uliozoeleka wa kutangaza tofauti), ukirudia utashuka chini ya 0.05 karibu nusu ya mara tu. Ndiyo maana tunasisitiza: ripoti ukubwa wa tofauti na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 (kuanzia kadirio la chini hadi la juu la tofauti hiyo), p ifuate nyuma.

Nina 0.07. Niongeze wahojiwa mpaka ishuke?

Huko ni kuchungulia. Ukipima mara 5 kadiri data inavyoingia, na kusimama pale tu p inaposhuka chini ya 0.05, hatari ya kutangaza tofauti isiyokuwepo hupanda kutoka asilimia 5 hadi kama 14. Ukubwa wa sampuli hupangwa kabla ya kwenda uwandani.

Nimepima vipengele 20 vya dodoso, kimoja kimetoka 0.03. Nikiandikie sura?

Taratibu. Hata pasipo tofauti popote, vipimo 20 vinavyojitegemea vina uwezekano wa asilimia 64 wa kutoa angalau kimoja chini ya 0.05. Kwa njia ya Bonferroni, gawa 0.05 kwa 20: mpaka wako ni 0.0025. Kiweke kwenye jedwali pamoja na wenzake 19.