Kilo 118, kiungulia cha usiku na diklofenaki ya magoti

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Majengo hapa Moshi. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 162. Sukari ninayo mwaka wa nne sasa, natumia metformini, na presha pia ninayo. Magoti yananiuma, diklofenaki nameza karibu kila siku. Usiku kiungulia kinanikaba, na mume wangu anasema nakoroma hadi pumzi inakatika. Kaka yangu yuko tayari kunilipia upasuaji. Tumeambiwa nikatwe mfuko wa chakula ubaki mwembamba, siku ya tatu niko nyumbani. Nikubali? Bado natamani mtoto wa pili.

JIBU: Marahaba dada. Kwanza hesabu. 1.62 mara 1.62 ni 2.62, gawanya 118 kwa hiyo, unapata 45. Hicho ndicho kipimo cha uzito kulingana na urefu (BMI). Miongozo ya mwaka 1991 iliwapa upasuaji wenye 40 na kuendelea, au 35 wakiwa na ugonjwa kama sukari. Ya mwaka 2022 ikashusha hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo unastahili, na asikwambie mtu kwamba unakwepa mazoezi.

Ninachokipinga ni aina ya upasuaji uliopangiwa. Katika huo, zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula huondolewa, kinabaki kibomba chenye umbo la ndizi. Ndani ya kibomba hicho mgandamizo ni mkubwa, na asidi hutafuta pa kutokea, yaani juu kooni. Mwenye kiungulia kama chako mara nyingi huongezewa, na wapo wanaorudi kupasuliwa tena kwa sababu hiyo tu. Baipasi ni kitu kingine. Daktari anatenga kijifuko cha kama mililita 30 na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Kiungulia hutulia, na sukari nayo kwa kawaida hushuka vizuri.

Lakini baipasi na diklofenaki havikai nyumba moja. Pale kijifuko kinapoungana na utumbo, dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, huchimba kidonda kinachoweza kuvuja damu au kutoboka. Kuimeza na chakula hakusaidii, na hata sindano yake ina hatari, maana madhara hupitia kwenye damu. Na mwenye duka la dawa hatakuuliza kama umewahi kupasuliwa! Kwa hiyo jaribu kwanza miezi miwili ya parasetamoli na mazoezi ya magoti. Ukiona huwezi kabisa kuishi bila diklofenaki, hilo lazima mpasuaji alijue kabla hujasaini.

Omba pia kipimo cha kamera ya tumbo. Kitaonyesha asidi imeunguza kiasi gani, na kama una bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao huku kwetu ni wa kawaida sana, utibiwe kwanza. Huko kukatika kwa pumzi mwambie daktari wa dawa ya usingizi ya upasuaji kwa maneno hayohayo uliyoniandikia.

Siku tatu ni za kutoka wodini tu. Niliwahi kumpokea mama aliyepasuliwa mbali na hapa. Alikuja na makovu matano madogo, miguu imekufa ganzi, na hana hata karatasi moja ya kusema alifanyiwa nini. Alikuwa ametapika kwa wiki kadhaa na vitamini zake zimeisha mwilini. Wewe utameza vitamini maisha yako yote, B12 pengine kwa sindano, na utatoa damu kupimwa mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Muulize kaka yako kama hesabu yake ina fungu la hayo, na nani hapa Moshi atakusomea majibu.

Mezani, wiki za kwanza kikombe kimoja cha supu kitakuchukua nusu saa. Ukifika kwenye mtori, anza na nyama iliyosagwa, ndizi baadaye. Protini ndiyo inayozuia misuli kuyeyuka. Maji usinywe pamoja na chakula. Mbege itakupanda kichwani haraka kuliko zamani. Na shangazi atakayekusukumia sahani ya pili msibani, mtafutie jibu mapema.

Kilo je? Tegemea kupungua robo hadi karibu theluthi moja ya uzito wako, yaani kufika kati ya kilo 80 na 88. Aliyekuahidi 60 anakuuzia picha.

Mtoto, subiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Uwezo wa kushika mimba hurudi haraka uzito unaposhuka, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki baada ya baipasi, kwa hiyo weka kijiti au kitanzi kabla ya upasuaji. Dawa za sukari na presha usipunguze mwenyewe. Zitarekebishwa kuanzia siku za mwanzo ukiwa bado wodini. Ukipata majibu ya kamera, niandikie tena.