Miezi mitatu na gitaa la umeme: mdogo wako anaendelea au hapana?

Mkuu, umeweka klipu ya mdogo wako akipiga gitaa la umeme, miezi mitatu tangu umnunulie, unauliza kama anaenda vizuri au pesa imeliwa. Kinachokusumbua ni kijana wa jirani walioanza pamoja: yeye tayari anapiga vipande vya sebene (ile sehemu ya gitaa la kuchezea kwenye muziki wa Kikongo), wa kwako bado yuko kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za G, C na D. Mimi nafundisha vijana gitaa hapa Kigoma, wengi wanatoka kwenye kwaya za huku Mwanga na Gungu, na wazazi huniuliza swali hilohilo. Wadau waliotangulia wamekujibu "aongeze mazoezi" na "hana kipaji". Kwa majibu hayo huwezi kupima chochote, kwa hiyo nivumilie niandike kwa urefu.

Nianze na klipu. Sikiliza tena pale anapotoka C kwenda G. Kidole kimoja kimechelewa, noti moja imekufa, lakini mkono wa kulia haukusimama. Umepita na mapigo yake, na kodi iliyofuata imeingia mahali pake. Kwa mtu wa miezi mitatu sijaona kitu kikubwa kuliko hicho kwenye klipu nzima, ila wengi hawakisikii kwa sababu sikio lao limebaki kwenye noti iliyokufa. Mwanafunzi wa kumhofia ni yule anayekosea, anasimama, anapanga vidole, kisha anaanza upya. Akiizoea tabia hiyo, hata ajue kodi 40 hataweza kukaa na wenzake, maana ngoma na besi havimsubiri mtu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, muziki wao umetulea, na sebene imeingia mpaka kanisani. Kijana akishika gitaa tu anataka solo. Lakini sebene hukaa juu ya kodi chache zinazozunguka bila kuchoka, kwa mfano C, F, G, F, halafu zinarudi. Anayezishikilia ni mtu wa rizimu. Akiyumba yeye, solo nzuri kuliko zote inaelea hewani. Sikiliza rekodi za zamani za muziki wa dansi. Marehemu Shem Karenga, mwanamuziki wa dansi, alianzia bendi ya Lake Tanganyika Jazz hapahapa Kigoma miaka ya 1960, ndipo akahamia Tabora Jazz miaka ya 1970. Chukua nyimbo za bendi za enzi hizo, acha uimbaji, acha solo, fuata gitaa la rizimu peke yake mwanzo hadi mwisho. Utaona halina haraka na halipotei. Mdogo wako ameanza kuijenga kazi hiyo, na mimi namheshimu kwa hilo.

Sasa huyo wa jirani. Simdharau, huenda ni mzuri kweli. Lakini kuna kipimo ambacho hakidanganyi: mwambie apige kipande hichohicho taratibu, nusu ya spidi yake, juu ya rizimu ya mtu mwingine. Wengi waliokariri vidole kutoka kwenye video wanaweza kukipiga kwa spidi moja tu, ileile waliyokariria. Ukiwapunguzia mwendo wanapotea, kwa sababu hawahesabu, wanakimbia. Akikipiga taratibu kikakaa kwenye mapigo, basi anajua anachofanya na mdogo wako ana mwenzake wa kujifunza naye. Asipoweza, usimpeleke mdogo wako kwenye njia hiyo.

Kitu cha pili ninachokisikiliza ni kimya. Gitaa la umeme haliko kama la kawaida. Kila uzi unaoachwa huru hulia wenyewe ukiguswa kidogo, na amplifaya inaukuza. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuzuia nyuzi usizozitaka: pembeni ya kiganja cha kulia inalala kwenye nyuzi nene karibu na daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), na ncha ya kidole cha kushoto inagusa uzi wa jirani kiasi cha kuunyamazisha. Kwenye klipu, akipiga D, uzi mnene wa E unanguruma chini yake. Hilo hajaliweza bado, na kwa umri wake kwenye gitaa ni la kawaida kabisa, ila lianze kufanyiwa kazi sasa. Mpe zoezi hili: apige kodi moja, ainyamazishe kabisa kwa mikono yote miwili, ahesabu mapigo manne ya kimya, apige nyingine. Inachosha, najua. Lakini ndani ya wiki chache utasikia tofauti hata ukiwa chumba cha pili.

Hapa naomba uniambie kitu: anafanya mazoezi gitaa likiwa limechomekwa, au kavu? Umeme unapokatika vijana wengi wanapiga kavu, na hata ukiwepo wanapiga kavu ili wasisumbue nyumba. Gitaa la umeme likiwa kavu sauti yake ni ndogo mno, basi mtoto analipiga kwa nguvu ili ajisikie, na makelele ya nyuzi zilizoachwa huru hayasikiki. Siku akichomeka ndipo yote yanatokea kwa pamoja, na watu wanasema ameshuka kiwango. Hajashuka, amesikika. Kavu afanye zoezi la kubadilisha vidole tu, hilo halihitaji sauti. Akichomeka, distoshini izimwe. Ile sauti ya kukwaruza inajaza kila pengo na kumpa mtu moyo wa bure. Sauti iwe safi, volyumu ya kawaida.

Tatu, kubana. Umesema mwenyewe kwamba gitaa "lina tyuni lakini kodi zinasikika vibaya". Nyuzi za gitaa la umeme ni nyembamba, na ukizibana kwa nguvu kupita kiasi kwenye freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa), sauti inapanda kidogo. Kidole kimoja kikibana sana na kingine kidogo, kodi inaharibika ingawa kila uzi ukipigwa wazi uko sawa. Jaribu naye leo jioni. Ashike kodi ya G, apige noti moja moja, kisha alegeze vidole polepole mpaka uzi uanze kukoroma, halafu aongeze nguvu kidogo tu kupita hapo. Nguvu hiyo inatosha. Vidole viwe karibu na freti, nyuma yake kidogo, visikae katikati ya nafasi. Wanafunzi wangu wengi wanashangaa jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo.

Maumivu ya ncha za vidole katika wiki za mwanzo ni ya kawaida, ngozi itakomaa. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiwiko si ya kawaida. Akiyasikia aache siku hiyo, na ukaguzi uanzie jinsi anavyokaa na urefu wa mkanda wa gitaa.

Kuhusu namba, kwa kuwa uliomba namba: weka saa ya simu dakika moja, ahesabu mara ngapi anabadilisha kutoka G kwenda C, kila kodi ikisikika. Mimi kwa miezi mitatu naridhika na mabadiliko 30 kwa dakika. Akifika 60 atapiga nyimbo nyingi za kwaya bila shida. Halafu metronomu (kifaa au programu ya kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika, kodi zake tatu, wimbo mzima, asisimame. Akimaliza wimbo wa dakika nne na makosa kumi lakini mapigo hayajakatika, nampa alama za juu kuliko aliyepiga sekunde ishirini safi.

Idadi ya nyimbo anazojua isikushughulishe. Kodi ya F ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote nayo usiiulize kabla ya miezi sita. Wala usimlinganishe na watoto wa kwenye video, huwezi kujua wameanza lini wala wamerudia mara ngapi mbele ya kamera. Mrekodi mara moja kwa mwezi, wimbo uleule, simu ikiwa mbali kidogo na spika, ulinganishe mwezi na mwezi.

Na kitu kingine watu wanakisahau wakimhukumu mwanafunzi: gitaa lenyewe linaweza kuwa ndilo lenye kosa. Chukua rula ya milimita, pima kwenye freti ya 12 nafasi kati ya juu ya freti na chini ya uzi. Ikiwa karibu milimita 2, liko sawa. Ikifika 4, mtoto anapigana na chuma, mpeleke kwa fundi alishushe. Kisha piga uzi ukiwa wazi, ubane kwenye freti ya 12, upige tena. Programu ya kutyuni lazima ionyeshe noti ileile, octavu moja juu (jina lilelile la noti, sauti nyembamba zaidi). Ikionyesha imepanda au imeshuka kwa kiasi cha kuonekana, daraja linahitaji kurekebishwa au nyuzi zimechoka. Hewa yetu ya ziwani na jasho la mikono hula nyuzi, zinashika kutu na kukosa sauti. Kama bado zimo zile zilizotoka nalo dukani, zibadilishe kabla hujaamua lolote juu ya mdogo wako. Chagua seti ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.009, ni laini kwa vidole vyake. Atakayekuuzia za gitaa la kawaida zinazoanzia 0.012 kwa sababu ndizo alizonazo, mkatalie.